Kinachoshika Tairi: Msuguano, Mvua na Miteremko ya Taita

Mvua za vuli zinapoanza, wakazi wa Kaunti ya Taita Taveta huanza kushuhudia yale yale ya kila mwaka. Pikipiki inalala ubavu kwenye kona, lori linashindwa kupanda, Probox inaishia mtaroni na kabichi zilizokuwa zikielekea soko la Voi zinabingirika hadi bondeni. Watu wakikusanyika, kwa kawaida husikika maelezo mawili: ni bahati mbaya, au ni breki. Wakati mwingine ni breki kweli. Lakini breki hata zikiwa mpya haziwezi kulisimamisha gari peke yake. Kazi ya breki ni kulizuia gurudumu lisizunguke. Kinacholisimamisha gari ni barabara, na barabara hufanya hivyo kupitia sehemu ndogo tu ya mpira wa tairi inayoigusa.

Nguvu inayopatikana hapo huitwa msuguano. Makala haya yanaeleza msuguano hutoka wapi, huisha vipi, na ni kwa nini dereva anayeteremka kutoka Wundanyi, mwendeshaji bodaboda wa Werugha na abiria aliyempakata mtoto kwenye matatu ya Taveta wote wanautegemea.

Tuanze na mguu, kwa sababu kila mtu anao. Ukipiga hatua, unaisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi inakusukuma mbele kwa nguvu iliyo sawa na hiyo. Huko kusukumwa na ardhi ndiko kunakokupeleka mbele. Asiyeamini atembee kwenye sakafu iliyomwagika maji ya sabuni. Misuli inafanya kazi ile ile na mguu unasukuma vile vile, ila sakafu haina cha kuushika, na mtu anajikuta chini. Tairi nalo ni mguu wa mviringo. Injini hulizungusha, tairi huisukuma barabara nyuma, na barabara hulisukuma gari mbele. Wakati wa kufunga breki mambo hugeuka, barabara ikalisukuma gari nyuma. Kwenye kona, barabara hulisukuma kando.

Barabara inashikaje? Lami inayoonekana laini kwa macho, ukiikaribia sana ni vilima na mabonde matupu, kama milima yetu inavyoonekana kutoka angani. Hata chuma kilichong'arishwa kiko hivyo. Vitu viwili vikikutana hugusana kwenye vilele tu, na eneo linalogusana kwa kweli huwa dogo sana kuliko lile tunaloliona. Mzigo ukiongezeka, vilele hubonyea, vingine vipya hugusana, na mshiko huongezeka. Mfaransa Guillaume Amontons aliliandika jambo hili mwaka 1699: msuguano hufuata uzito unaokandamiza, wala haujali upana wa eneo. Chukua tofali ulivute kwa kamba likiwa limelala, kisha ulivute likiwa limesimama kwa ubavu. Utaona nguvu unayotumia ni karibu ile ile. Mpira wa tairi hauitii kanuni hii kikamilifu, kwa kuwa ni laini na hujipenyeza kwenye vishimo vya lami, lakini kwa hesabu za barabarani kanuni hiyo inatosha.

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Gari dogo la kilo 1,200 huweka takriban kilo 300 juu ya kila tairi. Likiwa na upepo wa kawaida, kila tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne, basi, ndivyo vinavyolishikilia gari zima na waliomo. Pikipiki ina viwili, tena vidogo zaidi.

Umbali wa kusimama

Njia rahisi ya kuupima msuguano ni kuulinganisha na uzito wa chombo. Kwenye lami kavu, tairi zuri linaweza kupata nguvu ya kusimamisha inayofikia takriban sehemu 7 kwa 10 za uzito huo. Lami ikilowa, hushuka hadi kama sehemu 4 kwa 10. Kwenye matope ya udongo wetu mwekundu ni 2 kwa 10, na pengine chini ya hapo. Hizi ni hesabu za kukadiria. Tairi lililochakaa halifiki hata huko.

Sasa tuziingize kwenye mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa na sheria mjini, huhitaji kama mita 14 kusimama kwenye lami kavu tangu breki zinaposhika. Lami ikiwa imelowa, huhitaji mita 25. Kwa kilomita 80 kwa saa, umbali huo ni mita 36 pakavu na mita 63 penye maji. Hapo hatujahesabu muda ambao dereva anauona ng'ombe barabarani, anashtuka na kuuhamisha mguu. Tukimpa sekunde moja tu, na huyo ni dereva aliye macho sana, gari la kilomita 80 kwa saa limeshakula mita nyingine 22. Jumla ni mita 85 kwenye mvua, karibu urefu wa uwanja mzima wa mpira.

Angalia pia namna mwendo unavyohesabiwa. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama hauwi mara mbili bali mara nne. Mwendo mara tatu, umbali mara tisa. Ndiyo maana kilomita 10 zinazoongezwa mtu akiwa tayari anakwenda kasi ni ghali kuliko kilomita 10 za mwanzo, ingawa kwenye dashibodi mshale umesogea kiasi kile kile.

Kuna ulinganisho mmoja ambao ningependa kila mwendeshaji bodaboda aukumbuke. Kusimama kutoka kilomita 30 kwa saa kwenye matope huchukua kama mita 18. Kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu huchukua 14. Kwa hiyo anayekwenda "polepole tu" kwenye njia ya matope anahitaji nafasi kubwa kuliko yule anayepita mjini kwa mwendo anaouona ni wa kasi. Na hiyo ni njia tambarare. Milimani njia tambarare ni chache. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, uzito wenyewe wa chombo unakivuta chini na kumeza sehemu 1 kwa 10 ya mshiko. Kwenye lami kavu hasara hiyo haionekani sana. Kwenye matope, yenye sehemu 2 pekee, umepoteza nusu ya ulichokuwa nacho, na zile mita 18 zimekuwa 35.

Mvua ya kwanza ni hatari kuliko ya tatu, jambo ambalo madereva wa zamani wanalijua bila kuhitaji kuelezwa. Kwa miezi ya kiangazi barabara imekusanya vumbi, matone ya oili na unga wa mpira wa matairi. Dakika za mwanzo za mvua huvichanganya vitu hivyo vikawa utelezi mwembamba uliotanda juu ya lami. Mvua ikinyesha vya kutosha huviosha, na barabara hurejesha sehemu ya mshiko wake ingawa bado imelowa. Anayeweza kungoja nusu saa kwenye steji hapotezi kitu.

Maji yakizidi, huja tatizo la namna nyingine. Mifereji iliyochongwa kwenye tairi kazi yake ni kuyapisha maji yatoke chini ya mpira. Mwendo ukiwa mkubwa, au mifereji ikiwa imeisha, maji hayapati nafasi ya kukimbia. Tairi hupanda juu ya maji na kuelea, na hapo hakuna tena kugusana na barabara. Usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazifanyi chochote. Kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ambako magari hupita Voi kwa kasi, hili linaweza kutokea kwa mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa, na kwa tairi lenye kipara au upepo mdogo hutokea mapema zaidi. Dereva aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawa, aache gari lipungue lenyewe mpaka tairi ligusane tena na lami. Nchi nyingi zimeweka kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6. Mimi naona huo ni mpaka wa mwisho kabisa, si lengo. Tairi lenye milimita 3 tayari linastahili kuangaliwa kabla ya msimu wa mvua.

Kwa nini gurudumu lisikwame

Kila aliyewahi kusukuma kabati zito anajua kwamba kazi kubwa ni kulianzisha. Likishaanza kuteleza, linakwenda kwa nguvu ndogo zaidi. Sababu ni kwamba vitu vilivyotulia hushikana vizuri kuliko vinavyoteleza. Tairi linalozunguka bila kuteleza liko upande wa kutulia, hata kama gari linakwenda mbio, kwani kile kipande kinachogusa barabara, kwa muda huo mfupi, kimetulia juu yake. Gurudumu likikwama huku chombo bado kinakwenda, mpira unaanza kuburuzwa. Mshiko unapungua, na lililo baya zaidi, usukani hauna kazi tena, kwa sababu gurudumu linaloburuzwa huteleza kuelekea lilikokuwa likienda bila kujali limegeuzwa wapi.

Magari mengi ya sasa yana mfumo unaoachia na kukamata breki mara nyingi kwa sekunde ili gurudumu lisikwame. Pikipiki nyingi za bodaboda hazina, kwa hiyo mkono na mguu wa mwendeshaji ndio mfumo. Wengi huogopa breki ya mbele kwa kuwa wamesikia kwamba inarusha mtu. Ukweli ni kwamba pikipiki inapopungua mwendo, uzito huegemea mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa zaidi na hivyo hupata mshiko mkubwa kuliko la nyuma. Anayetumia breki ya nyuma peke yake anatumia gurudumu lililopunguziwa uzito, na ndilo linalokwama haraka. Breki zote mbili zikamatwe pamoja, zikiongezwa taratibu badala ya kunyakuliwa. Kwenye matope na changarawe, ya mbele iguswe kwa wepesi sana na chombo kiwe kimesimama wima, hakijalala kwenye kona.

Hapo kwenye kona kuna jambo linalohitaji hesabu ya duka. Chukulia mshiko wa tairi ni shilingi 100 mfukoni. Kona inadai shilingi zake, breki inadai zake, na mafuta yanayoongezwa yanadai pia. Ukitumia 80 kwa kukata kona, zimebaki chache tu za breki, na ukizidai nyingi zaidi hupewi, tairi linaachia. Kona kali ambayo mzingo wake una nusu kipenyo cha mita 30, ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, inadai nguvu inayozidi sehemu 4 kwa 10 za uzito. Hicho ndicho kiasi chote ambacho lami iliyolowa inaweza kutoa! Ukiipita kwa kilomita 30, inadai kama robo tu ya uzito, na kunabaki akiba ikiwa mbuzi atajitokeza. Kwa hiyo breki hufungwa kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka. Barabara ya kutoka Mwatate kupanda milimani ina kona za kutosha za kufanyia mazoezi hayo.

Joto la mteremko

Msuguano haupatikani bure. Kila mahali unapofanya kazi huacha joto, na anayesugua viganja asubuhi ya baridi kule Mgange anajua. Breki za gari hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa: pedi inasugua diski au ngoma, na nguvu yote ya mwendo inageuka joto.

Mjini hili halisumbui, kwa kuwa breki hupata muda wa kupoa. Mteremko mrefu ni habari nyingine. Chukua lori dogo lenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, linaloteremka mita 500 kwenda chini, jambo lisilo la ajabu kwa anayetoka Wundanyi kuelekea Mwatate. Nguvu ambayo lori hilo linapaswa kuitoa ili lifike chini bila kuongeza mwendo, ikigeuzwa yote kuwa joto, inatosha kuchemsha mitungi miwili ya maji ya lita 20 kutoka ubaridi wa bomba hadi yanatokota. Joto hilo lote, dereva akitumia breki peke yake, linaingia kwenye vipande vichache vya chuma nyuma ya magurudumu.

Breki zikipata moto kupita kiasi, pedi hupoteza ukali wake na kuanza kuteleza. Dereva anakanyaga zaidi na gari halipungui. Mafuta ya breki nayo yanaweza kuchemka, hasa yakiwa ya zamani na yamevuta unyevu. Mapovu ya mvuke yanaingia kwenye mfereji na pedali inazama mpaka chini kama imekanyaga sifongo. Harufu kali ya kuungua ni dalili ya mapema, na mtu asiipuuze kwa kuwa ana haraka ya soko. Gari lisimamishwe mahali salama, magurudumu yakingwe kwa mawe, breki ziachwe zipoe zenyewe. Kumwagia maji chuma chenye moto kunaweza kukipasua.

Dawa inajulikana na haina gharama: teremka na gia ndogo. Gari likiwa kwenye gia ndogo na mguu umeondolewa kwenye mafuta, injini hulizuia, na sehemu kubwa ya lile joto hupitia injini ambayo imetengenezwa kupozwa. Wazee wa kazi hii husema gia unayopandia ndiyo unayoteremkia, na fizikia haina pingamizi. Kinyume chake ni tabia ya kuteremka na gia huru ili kuokoa mafuta. Anayefanya hivyo ameiondoa injini kwenye kazi ya kumzuia na kuzibebesha breki mitungi yote miwili. Mafuta anayookoa ni ya shilingi chache. Kwenye gari la kisasa, huenda hata hizo asizione, kwani mitambo mingi hukata mafuta yenyewe gari linapoteremka kwenye gia.

Mzigo

Wapo wanaosema gari lililojaa hushika barabara vizuri zaidi. Wapo wanaosema halisimami. Kila upande una nusu ya ukweli. Uzito ukiongezeka, msuguano huongezeka. Lakini nguvu inayohitajika kulisimamisha gari hilo zito nayo huongezeka kwa kiasi kile kile. Mambo mawili yanafutana, na kwa tairi pekee umbali wa kusimama ungekuwa karibu sawa. Tofauti inatoka kwingine. Breki zina mzigo mkubwa zaidi wa joto, matairi yanazidiwa, na gari lililopangwa vibaya hunyanyuka upande mmoja. Pikipiki yenye abiria wawili nyuma, au gunia refu lililofungwa mbali na kiti, hupunguza uzito wa gurudumu la mbele, lile lile tulilosema ndilo lenye mshiko wa kusimamisha na kugeuza. Kwenye mpando mkali gurudumu hilo linaweza kunyanyuka kabisa. Sheria ya Trafiki inaposema abiria mmoja kwa pikipiki, inapatana na mizani hii.

Mzigo wenyewe pia una msuguano wake na sakafu ya gari. Kreti za nyanya kwenye bati la pikapu hushikiliwa kwa sehemu 3 au 4 kwa 10 tu za uzito wao. Dereva akifunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, gari linasimama kwa sehemu 7, lakini kreti haziwezi kufuata. Zinaendelea mbele, na kama mtu amekaa katikati ya kreti na kibanda cha dereva, zinamkuta hapo.

Kamba ndiyo inayomaliza tatizo hilo, na kwa kamba msuguano ni rafiki wa ajabu. Kamba ikizungushwa mara moja kwenye nguzo au mti, nguvu ya kuizuia upande wa pili hupungua zaidi ya mara 6, tukikadiria msuguano wake na gome kuwa 3 kwa 10. Mizunguko miwili, zaidi ya mara 40. Ndiyo sababu kijana mmoja anaweza kumzuia fahali kwa kamba iliyozungushwa kwenye mwembe, na mabaharia wa pwani hushikilia jahazi zima kwa mizunguko michache gatini. Anayefunga mzigo azungushe kamba kwenye chuma cha kando kabla ya kupiga fundo. Fundo hapo linakuwa na kazi ndogo tu.

Pale mshiko unaposhindwa

Chombo kikishaacha barabara, kitu kingine ndicho kitakachokisimamisha: mti, ukuta, gari lingine. Mwili wa mtu nao lazima usimame. Kinachoamua kama mtu atatoka na michubuko au hatatoka ni umbali ambao mwili wake unapewa wa kusimamia. Ukiuongeza umbali huo mara tano, nguvu inayoupiga mwili hupungua mara tano.

Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 3 na nusu, juu ya paa la nyumba. Kwa kilomita 50 kwa saa, ni kama kuanguka kutoka karibu mita 10, kimo cha nguzo ya stima. Hakuna anayeruka kutoka nguzo ya stima akitegemea mikono yake imzuie, lakini ndivyo anavyofanya abiria wa kiti cha mbele asiyefunga mshipi.

Mshipi humfunga mtu kwenye gari, na sehemu ya mbele ya gari inapobonyea, yeye anapata kusimama pamoja nalo kwa kiasi cha nusu mita hivi. Hata kwa nafuu hiyo, kutoka kilomita 50 kwa saa, kila kilo ya mwili inavuta kama kilo 20. Mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa anakuwa, kwa muda huo mfupi, kama mzigo wa kilo 200. Hakuna mama wala baba mwenye mikono ya kuushika mzigo huo. Kumfunga mtoto pamoja na mzazi ndani ya mshipi mmoja ni vibaya zaidi, kwa kuwa uzito wa mzazi unamkandamiza mtoto kwenye mshipi. Mtoto awe na kiti chake kinachomfaa. Na kama gari halina, basi akae kiti cha nyuma, na safari iwe ya mwendo mdogo.

Helmeti inafuata kanuni hiyo hiyo. Kichwa kitupu kikigonga lami husimama ndani ya milimita chache. Ndani ya helmeti kuna povu gumu ambalo hubonyea kama sentimita mbili au tatu, na hicho ndicho kinachokipa kichwa nafasi. Ganda la nje hutawanya pigo kwenye eneo pana badala ya ncha ya jiwe moja. Mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali yalikuta kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Anayesema anakwenda karibu tu, hapo sokoni, afikirie kwamba pikipiki hata ikiwa imesimama, kichwa kinachoanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa.

Povu hilo hufanya kazi mara moja tu. Likishabonyezwa kwenye ajali, haliinuki tena, hata kama ganda la nje bado linang'aa. Helmeti iliyokwisha kuanguka na mtu ibadilishwe. Na ile isiyofungwa kidevuni hutangulia kutoka kabla ya kichwa kufika chini, kwa hiyo abiria anayepewa helmeti kwenye steji aikaze kamba yake mwenyewe, na kama kamba imekatika amwambie mwendeshaji.

Ukimkuta aliyeanguka, usimvue helmeti kwa haraka ukidhani unamsaidia kupumua. Shingo inaweza kuwa imeumia. Mwache nayo ikiwa anapumua, zuia magari yasimfikie, usimketishe, na upige simu 999 au 112. Simu hizo hazilipiwi.